Kabla ya Spesa: Pesa Kidogo ya Gari Iende Wapi Kwanza

Mwulize fundi wa Ilala au wa Kirinyaga Road afanye nini na Toyota IST inayokwangua matuta, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: "Bosi, tuweke spesa tu." Ni kipande cha alumini au mpira mgumu kinachowekwa juu ya shokapu, au kati ya springi na kikombe chake, na gari linanyanyuka inchi moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Kazi inaisha siku hiyohiyo. Mwenye gari anaondoka ameridhika, maana tuta lililomkwangua jana leo analipita kimya.

Sina ugomvi na spesa yenyewe. Magari haya yalitengenezwa kwa lami ya Nagoya na Yokohama, na yamekuja kukutana na matuta ya mitaani ambayo wakazi hujijengea wenyewe, kila mtaa na kimo chake. Ugomvi wangu ni wa mpangilio. Spesa imekuwa matumizi ya kwanza, wakati kwa gari lenye miaka kumi na zaidi inapaswa kuwa ya nne au ya tano. Mwenye pesa nyingi akikosea mpangilio atarekebisha mwezi ujao. Mwenye pesa kidogo atakaa na kosa lake mpaka gari liuzwe.

Tuanze na kile spesa inachofanya. Gari likiwa kwenye kona, uzito huhama kutoka tairi za upande wa ndani kwenda za upande wa nje. Wengi hudhani kiasi kinachohama kinategemea springi kuwa ngumu au laini. Sivyo. Kwa jumla kinategemea mambo manne: uzito wa gari, ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na nafasi kati ya tairi ya kushoto na ya kulia. Chukua gari la kilo 1,200, kitovu kikiwa sentimita 50 kutoka chini na tairi zikiachana mita moja na nusu. Kwenye kona inayolisukuma kando kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wake, kilo 200 zinahama. Linyanyue sentimita 5, zinakuwa 220. Hiyo ni asilimia kumi, na ukienda nalo sokoni hutaiona. Utaiona ukiteremka Kitonga na watu watano na magunia nyuma, halafu lori linaloshindwa mlima likuhamie upande wako.

Kuna na suala la pembe. Magari mengi madogo ya Japani mbele yana mtindo uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940: shokapu na springi vimesimama pamoja kama nguzo moja, na chini gurudumu linashikwa na kontroli aamu. Mkono huo ukiwa na urefu wa sentimita 35 hivi, kunyanyua bodi kwa sentimita 5 kunauinamisha kwa takriban nyuzi 8 zaidi. Shafti nayo inainama. Sivi jointi inazunguka muda wote kwenye pembe ambayo ilikusudiwa iipitie mara mojamoja, buti zake zinachanika mapema, vumbi linaingia, na baada ya miezi unasikia mlio wa tak-tak-tak kila unapokata kona. Spesa ikiwekwa juu ya shokapu, gurudumu linaweza kuning'inia chini kuliko shafti ilivyopangiwa. Ikiwekwa kwenye springi, shokapu inaanza safari yake ikiwa imeshavutwa nusu, na kila shimo linaifikisha mwisho wake.

Inchi moja inavumilika kwa magari mengi. Inchi mbili, uwe umeshatenga pesa ya shafti. Zaidi ya hapo, mimi ningeuza gari ninunue lililozaliwa refu.

Turudi sasa kwenye mpangilio. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, lakini hilo ni siku ya kuingia. Likishafika linaendeshwa miaka mingine kumi au kumi na tano. Tanzania magari mengi huingia yakiwa yamezeeka zaidi ya hapo. Kilichozeeka kwanza ni mipira: bushi za kontroli aamu, mauntini za juu za shokapu, bushi za stabilaiza. Mpira huchoka hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo mtu anaposema gari lake "halishiki barabara" na anataka kuliboresha, mara nyingi anachokosa ni kile alichokuwa nacho kiwandani. Ukiweka springi mpya za bei juu ya bushi zilizokufa, gurudumu bado litajipeleka linakotaka, kwa sababu hakuna kinacholishika.

Habari njema ni kwamba uchunguzi ndio sehemu rahisi kuliko zote. Inua gurudumu moja, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, tazama boljointi au beringi. Lishike kushoto na kulia: likicheza, tazama tairodi na raki endi. Chomeka mtaimbo kwenye bushi ya kontroli aamu uone kama mpira umepasuka au unaachana na chuma. Stabilaiza linki ndizo hugonga kwenye barabara mbovu ukiwa mwendo wa polepole, na ni miongoni mwa spea za bei nafuu kabisa upande wa chini wa gari. Nimewaona watu wakibadilisha shokapu mbili nzima kwa ajili ya mgongano uliokuwa wa linki. Kwenye IST, Vitz na Fielder, nyuma kuna ekseli moja inayojisokota, na inashikwa na bodi kwa bushi kubwa mbili ambazo karibu hakuna mtu anayezikagua. Zikichoka, nyuma ya gari inachelewa kufuata mbele, na dereva analaumu upepo.

Tairi nazo husoma kila kitu kwa niaba yako. Ikiliwa katikati, upepo umezidi. Ikiliwa mabega yote mawili, upepo ni mdogo. Ikiliwa upande mmoja, alaimenti au mwinamo wa gurudumu haupo sawa. Ikiwa na mabonde na vilima ukiipapasa kwa kiganja, mara nyingi shokapu imekufa na gurudumu limekuwa likidunda badala ya kuviringika.

Na hapo tumefika kwenye tairi, ambako mimi ningeweka shilingi ya kwanza baada ya kuondoa vilivyochoka. Kila kitu kingine kwenye gari kinafanya kazi kupitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Bado ndiko watu wanakobania. Wananunua tairi za mtumba zenye kashata nzuri lakini mpira umekauka, kisha wanatumia tofauti kwenye rimu. Kabla hujalipa, tafuta ubavuni alama ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka minane stoo, hata kama haijawahi kugusa barabara, mvua ya masika itakuonyesha umri wake.

Rimu kubwa zinahitaji hesabu kidogo. Tairi ya 185/65R15 ina upana wa milimita 185, na ukuta wake ni asilimia 65 ya huo upana, yaani milimita 120. Ukihamia 205/45R17, kipenyo chote kinabaki karibu kilekile, lakini ukuta umeshuka hadi milimita 92. Hizo milimita 28 zilizopotea zilikuwa springi ya kwanza ya gari lako, iliyokuwa ikimeza shimo kabla halijafika kwenye rimu. Kwenye lami nzuri utapata usukani mwepesi wa kujibu, hilo ni kweli. Kwenye barabara zetu utapata rimu zilizopinda na tairi zenye uvimbe ubavuni.

Sasa fanya kinyume chake. Kutoka 185/65R15 kwenda 195/65R15, kwenye rimu zilezile, kipenyo kinaongezeka milimita 13, na gari linapanda milimita sita na nusu bila kugusa pembe ya shafti wala ya kontroli aamu. Spidomita itasoma pungufu kwa asilimia mbili tu. Milimita sita si nyingi, lakini ni kimo kisicho na deni, na unakipata kwenye tairi ambazo ungenunua hata hivyo. Pima kwanza nafasi kati ya tairi na kikombe cha springi, na ukate usukani mpaka mwisho pande zote mbili kuona kama haigusi.

Upepo ni wa bure au karibu na bure. Kibandiko cha mlango wa dereva kinaeleza kiasi, na kwa magari mengi ya aina hii huwa kati ya psi 30 na 36. Vituo vingi vitakujazia 40 bila kukuuliza. Gari likidundadunda kama mpira wa miguu, anza hapo kabla hujampigia fundi simu.

Baada ya tairi ni shokapu, na hapa ndipo soko linapochanganya watu. Shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Kazi ya shokapu ni kutuliza springi, kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo mpaka nguvu ya kudunda igeuke kuwa joto. Kwa hiyo anayebadilisha shokapu kwa sababu gari "limekaa" ametibu ugonjwa mwingine. Na lile jaribio la kubonyeza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu linadunda mara ngapi linafaa nusu tu: shokapu iliyofeli imekufa, lakini iliyofaulu bado haijathibitisha kitu, kwa sababu mikono yako haiwezi kuisukuma kwa kasi ya shimo la barabara ya Chalinze. Tazama kama inavuja. Unyevunyevu mdogo si neno, lakini mafuta yaliyoteremka na kushika vumbi ni hukumu. Kisha endesha kwenye rasta kwa mwendo wa kawaida na usikilize usukani.

Sokoni kuna njia tatu. Ya kwanza ni shokapu mpya ya jina linalojulikana. Kayaba, ambayo wengi wanaijua kama KYB na ambayo chimbuko lake ni kazi ya Shiro Kayaba mwaka 1919, ni miongoni mwa kampuni zinazowauzia watengenezaji wa Japani shokapu zinazofungwa kiwandani, kwa hiyo kununua ya kwao si anasa bali ni kurudi ulikotoka. Kwa sababu hiyohiyo inaigwa sana. Nunua kwa wakala mwenye risiti na dhamana. Ya pili ni mpya ya jina usilolijua, ndani ya boksi zuri. Zingine ni nzuri, zingine zina mafuta machache na vali zisizolingana kushoto na kulia, na huna njia ya kuzitofautisha dukani. Ya tatu ni mtumba wa Japani au wa Sharjah unaouzwa Gerezani, Grogan au Kisekka, mara nyingi nguzo nzima pamoja na springi na mauntini yake, iliyotoka kwenye nosikati.

Mimi, kama pesa haifikii ya kwanza, huichagua ya tatu kuliko ya pili. Mtumba wa kiwandani angalau vali zake zilipangwa kwa gari hilo, na unaweza kuukagua. Ikiwa shokapu imetolewa kwenye springi, ibonyeze hadi chini kwa uzito wako: iende kwa ukinzani ulio sawa mwanzo hadi mwisho, bila sehemu tupu, na ikiwa ni ya gesi ipande yenyewe taratibu. Pitisha ukucha kwenye fimbo. Ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, iache, maana oili sili itakufa kabla ya mwezi. Nunua jozi. Za nyuma zilizotoka kwenye gari lililogongwa mbele ni bahati ndogo inayofaa kuulizia. Lakini hesabu jambo moja ambalo halimo kwenye bei: fundi anatoza kufungua nguzo ileile iwe umeleta ya bei ghali au ya rahisi. Ukifungua mara mbili kwa mwaka, mtumba umekuwa ghali. Na ukiifungua, weka mauntini mpya hapohapo hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwa sababu kuirudia peke yake baadaye ni kulipa kazi ileile upya.

Wenye Subaru Forester za kati ya 2003 na 2008 wana mtego wao. Baadhi zilikuja na shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe gari likibeba mzigo. Zikifa, nyuma inalala hata gari likiwa tupu, na bei ya mpya humfanya mtu akae chini. Wengi wanabadilisha kwa shokapu za kawaida, jambo ambalo ni sahihi kabisa, lakini wanabakiza springi zilezile. Springi hizo zilitengenezwa laini kwa sababu shokapu ilikuwa ikizisaidia kubeba. Matokeo yake gari linaendelea kulala, na mwenye gari anaamini amepigwa. Hapa springi na shokapu hubadilishwa pamoja, na seti ya mtumba ya Forester isiyo na mfumo huo inamaliza kazi kwa bei ya busara.

Springi zenyewe zinastahili mguso wa mwisho. Kijana anayetaka Mark X ilale hukata springi kwa grainda. Ugumu wa springi ya kuzunguka unapanda kadiri mizunguko inavyopungua: kutoka mizunguko sita inayofanya kazi hadi mitano, imekuwa ngumu kwa asilimia 20, huku safari ya shokapu imefupishwa. Gari linaishia kukalia mipira ya mwisho, na kutoka hapo springi haipo tena, kuna bodi na lami. Mwenye Probox ya mizigo anafanya kwa njia nyingine jambo linalofanana: anachomeka mipira kati ya mizunguko ya springi. Mzunguko ulioshikwa haufanyi kazi, iliyobaki inabeba yote, na hapo ndipo springi hukatika. Akiwa na mzigo kila siku, springi nzito zaidi ni haki yake, mradi aziongezee shokapu zenye nguvu. Springi ngumu ikitulizwa na shokapu dhaifu hurukaruka Probox ikirudi tupu, na ikiruka tairi haziko chini.

Imani kwamba gari linaloshika barabara lazima liwe gumu tumeiazima kwenye viwanja vya mbio za lami laini. Historia ya hapa kwetu inasema vingine. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalishindwa na Peugeot 404 mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na ndugu yake 504 akashinda 1975 na 1978. Hayakuwa magari magumu. Yalikuwa na springi laini zenye safari ndefu na shokapu zilizojua kazi, ili tairi ifuate shimo na kutoka nalo bila kuachana na ardhi. Waliopanda 504 za abiria za kwenda Nakuru wanakumbuka zilivyoinama kwenye kona na bado zikapita.

Kwa vingine sitakawia. Stabilaiza nene ni maboresho halali na ya bei nzuri ukiipata ya mtumba kutoka toleo la juu la gari lilelile. Ugumu wake unapanda kwa kipenyo kujizidisha mara nne, hivyo kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la asilimia 46, na kwenye Impreza au Forester inayogoma kugeuka pua, kuongeza ya nyuma kunasaidia waziwazi. Kwenye barabara ya mashimo inapunguza uhuru wa gurudumu moja kupanda bila kuvuta mwenzake, kwa hiyo asiongeze anayekaa kijijini. Bushi za poliyurethani zinadumu, lakini zinataka grisi, zinapitisha kelele, na kwenye mikono inayopinda pande zaidi ya moja zinakaba. Fito za alumini za kuunganisha vichwa vya shokapu hupendeza ukifungua boneti.

Alaimenti ifanyike baada ya yote, kamwe si kabla. Tairi iliyopinda kwa nyuzi moja husuguliwa kando mita 17 kwa kila kilomita moja unayokwenda. Hivyo ndivyo gari linavyokula tairi. Ukiambiwa ulipie magurudumu manne kwenye Vitz, lipia kipimo ukitaka, lakini jua kwamba ekseli ya nyuma ya kujisokota haina mahali pa kurekebishia. Kwenye Subaru ipo, na inafaa kulipiwa. Ukiweka spesa halafu usirudi kwenye alaimenti, tairi zitalipa deni hilo.

Kwa hiyo dereva wa teksi ya mtandao mjini, mwenye pesa ya jambo moja tu, anunue tairi mbili nzuri, linki na alaimenti. Shokapu zije mwezi mwingine. Anayesafiri na familia Dar hadi Mbeya aanze na bushi na shokapu nne, kisha tairi yenye ukuta mrefu kidogo, na spesa ya inchi moja ikiwa bado anakwangua. Kijana wa Subaru akishamaliza hayo na bado ana njaa ya kona, atafute stabilaiza.

Kazi ikifanyika, simama karibu na fundi wakati wa kukaza boliti za bushi za kontroli aamu. Wengi wanazikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Mpira wa bushi unashikwa ukiwa umesokotwa, na gari likishuka unabaki umesokotwa siku zote mpaka uchanike, labda kabla ya mwaka. Boliti zishikizwe kidogo tu, gari lishushwe lisimame kwa uzito wake, litikiswe mara kadhaa, ndipo zikazwe mpaka mwisho. Inahitaji shimo la gereji au kulaza kadibodi na kuingia chini, dakika kumi za ziada, na fundi atanung'unika. Mwongezee pesa ya soda.